Ziwa, Mto na Mstari: Ramani za Mpaka wa Jipe na Lumi Katikati ya Karne ya Ishirini, Zikisomwa Kutoka Kiboriloni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ramani za topografia za kipimio cha 1:50,000 zilizotengenezwa na Waingereza katikati ya karne ya ishirini kwa eneo la mpaka kati ya Tanganyika na Kenya, kuanzia Ziwa Jipe na Mto Lumi hadi Ziwa Chala. Hoja kuu ni kwamba mpaka huu uliingia katika ramani za kina wakati ambapo haukuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa pande zake zote mbili zilitawaliwa na dola moja. Hata hivyo, ramani hizo zilianza kutegemewa baada ya uhuru, pale mpaka ulipokuwa wa mataifa mawili na hatimaye ukafungwa. Maji yanayopanda, kushuka na kuhama yalichorwa kana kwamba yamesimama. Makala yanasoma ramani hizo kutoka Kiboriloni, mahali ambapo njia ya kupanda Old Moshi inakutana na barabara iendayo Himo, Holili na Taveta.

1.0 Utangulizi

Mpaka wa Tanzania na Kenya una urefu wa takribani kilomita 770. Anayeutazama katika ramani ya Afrika huona vipande viwili virefu vilivyonyooka: kimoja kinatoka pwani kuelekea kaskazini-magharibi, kingine kinatoka upande wa kaskazini wa Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria. Kati ya vipande hivyo pana kona. Hapo mstari unaiacha rula, unafika Ziwa Jipe, unapita bonde la Mto Lumi, unaiacha Taveta upande wa Kenya, unafika Ziwa Chala na kuuzunguka mlima. Kona hiyo ndiyo sehemu ya mpaka iliyoelezwa kwa maji na kwa watu badala ya kwa nyuzi za dira.

Kumekuwapo masimulizi mashuhuri yanayodai kwamba kona hiyo ilitokana na Malkia Victoria wa Uingereza kumzawadia jamaa yake wa Ujerumani mlima mmoja kwa kuwa yeye alikuwa na miwili. Masimulizi haya yanapendwa na waongoza watalii, lakini hayaungwi mkono na mapatano yaliyoandikwa. Ubaya wake hauko katika kukosea tu. Yanawaondoa katika historia watu wa Taveta na wa Old Moshi, ambao majina ya nchi zao ndiyo yaliyotumiwa kuupinda mstari.

Kiboriloni imechaguliwa kuwa mahali pa kusomea ramani hizi kwa sababu mbili. Kwanza, iko mashariki kidogo ya mji wa Moshi, pale vihamba vya mlimani vinapokoma na uwanda kuanza. Njia inayopanda kutoka hapo inaelekea Old Moshi, iliyokuwa nchi ya Mangi Rindi, aliyejulikana kwa wageni kwa jina la Mandara. Pili, barabara inayopita hapo kuelekea mashariki hufika njia panda ya Himo, na kutoka Himo tawi moja huenda Holili na Taveta. Kwa mfanyabiashara wa soko la Kiboriloni, mpaka ni sehemu ya safari ya siku moja. Swali linaloongoza makala haya ni hili: safari hiyo ya kawaida ilikujaje kukatwa na mstari, na ramani ilichangia nini katika kuupa mstari huo sura ya kitu cha asili?

2.0 Maneno Yaliyotangulia Mstari, 1884–1893

Katika miaka ya 1880 madai matatu yalikutana chini ya Kilimanjaro. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa amekuja kwa jina la utafiti wa mimea na wanyama, alikaa katika nchi ya Mandara na pia akajipatia hati ya ardhi huko Taveta. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, ambaye alikusanya ahadi za utii kutoka kwa watawala wa Uchagani. Muda mfupi baadaye, Juni 1885, Karl Jühlke alifika kwa niaba ya kampuni ya Kijerumani na kupata mkataba kutoka kwa Mandara huyo huyo.

Wanahistoria wengi wameliona jambo hili kuwa ni kigeugeu cha mtawala mmoja. Kulitazama kutoka Old Moshi kunatoa picha tofauti. Rindi alikuwa na wapinzani wenye nguvu jirani, hasa Kibosho chini ya Mangi Sina, na kila mgeni alikuwa ni mlango wa bunduki, nguo na heshima. Kumpa mgeni karatasi yenye alama ilikuwa ni kumkaribisha, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Rindi alielewa alama hiyo kuwa ni kuiuza nchi. Hata hivyo, huko Ulaya karatasi hizo zilihesabiwa kama hati za umiliki. Madai ya Sultani yaliwekwa kando, na yaliyobaki yakawa mawili: Uingereza ikiwa na Taveta, Ujerumani ikiwa na Uchagani.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yaliyageuza madai hayo kuwa maelezo ya mpaka. Mstari ulitakiwa kuanza katika mlango wa mto uliotajwa kwa majina ya Wanga au Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, upite upande wa mashariki wa ziwa na kuzunguka upande wake wa kaskazini, uvuke Mto Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chagga. Baada ya hapo ulitakiwa kuzunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini na kwenda hadi Ziwa Victoria kwenye nyuzi moja kusini mwa ikweta. Mkataba wa 1890 uliyathibitisha maelezo hayo.

Maelezo haya yana mambo matatu yanayostahili kuangaliwa. Jambo la kwanza ni kwamba ziwa linatajwa kama kitu chenye ukingo unaojulikana, wakati upande wake wa kaskazini ni matete, mafunjo na kinamasi. Jambo la pili ni kwamba Mto Lumi unatajwa kama kitu cha kuvukwa mara moja, ilhali mto huo hutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, hupita Taveta, kisha huingia Jipe upande wa kaskazini, si mbali na mahali Mto Ruvu unapotokea kuelekea magharibi na hatimaye kuungana na maji ya Kikuletwa kuwa Mto Pangani. Jambo la tatu, ambalo ni zito zaidi, ni neno "katikati". Ili kupata katikati ya nchi mbili ni lazima kujua kila nchi inaishia wapi. Wataveta waliishi katika msitu wa Lumi, mahali palipokuwa kituo cha misafara ya biashara. Wachaga waliishi mlimani, lakini walikata majani, walichunga na kuwinda katika uwanda. Uwanda uliokuwa kati yao ulitumiwa na pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na haukuwa na mwisho ambao mtu angeweza kuupima.

Mwaka 1892 C. S. Smith kwa upande wa Uingereza na Carl Peters kwa upande wa Ujerumani walifanya kazi ya upimaji kutoka pwani hadi Kilimanjaro, na mapatano ya Julai 1893 yalifuata kazi hiyo. Hapo ndipo "katikati" ilipoanza kugeuka kuwa alama za ardhini. Ramani za katikati ya karne ya ishirini zinaonyesha mpaka ukipita ndani ya Ziwa Jipe, si kando ya ukingo wake wa mashariki kama yasemavyo maneno ya 1886. Msomaji wa maneno ya mwanzo peke yake na msomaji wa ramani peke yake hawauoni mpaka mmoja.

3.0 Mpaka Ndani ya Dola Moja, 1914–1961

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha kwamba kona ya Taveta ilikuwa na maana ya kijeshi. Agosti 1914 majeshi ya Kijerumani yaliiteka Taveta. Machi 1916 majeshi yaliyoongozwa na Jan Smuts yalivuka Lumi, yakapigana katika vilima vya Latema na Reata, kisha yakaingia Moshi na Kahe. Reli iliyojengwa kutoka Voi kwa ajili ya vita iliunganishwa na reli ya Tanga na Moshi huko Kahe. Hivyo vita iliyopiganwa kuvuka mpaka iliacha njia ya kuuvuka kwa urahisi zaidi kuliko zamani.

Baada ya vita, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa na baadaye, kuanzia 1946, Umoja wa Mataifa. Kisheria Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya, na kwa hiyo mpaka haukufutwa. Kiutendaji, lakini, serikali zote mbili zilijibu London. Zilitumia shilingi moja, zilijenga umoja wa forodha, na kuanzia 1948 Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki ilisimamia reli, posta na huduma nyingine za pamoja. Mtu aliyetoka Kiboriloni kwenda Taveta alitoka wilaya moja na kuingia nyingine. Alikutana na bwana shauri mwingine na sheria tofauti za ardhi, lakini si na dola nyingine.

Hali hii ni muhimu katika kuisoma ramani. Mchoraji aliyetumwa na Wajerumani kabla ya 1914, kama vile Paul Sprigade na Max Moisel waliosimamia ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya kipimio cha 1:300,000, alichora ukingo wa milki ya bwana wake. Mchoraji wa Kiingereza wa miaka ya 1950 alichora mstari uliokuwa na bwana mmoja pande zote mbili. Hakuwa na mpinzani wa kumuuliza ameutoa wapi. Alichohitaji ni mstari uliorithiwa, uwekwe mahali panapoonekana kufaa, kazi iendelee.

Kazi yenyewe ilikuwa na madhumuni mengine. Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi, iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson na kutoa taarifa yake 1947, ilikuwa imeonyesha jinsi Wachaga walivyobanwa kati ya msitu wa juu na mashamba ya walowezi wa chini. Serikali ilitaka kujua maji yako wapi, ardhi gani inafaa kwa makazi mapya, barabara zipite wapi. Mpaka haukuwa tatizo lililotakiwa kutatuliwa na ramani.

4.0 Jinsi Ramani Zilivyotengenezwa

Mwaka 1946 Uingereza iliunda Kurugenzi ya Upimaji wa Makoloni chini ya Martin Hotine, taasisi iliyobadilishwa jina 1957 kuwa Kurugenzi ya Upimaji wa Ng'ambo. Ofisi zake zilikuwa Teddington na baadaye Tolworth, karibu na London. Mpango wake ulikuwa kuzichora nchi kubwa kwa haraka kwa kutumia picha za anga. Kati ya 1946 na 1952 ndege za Lancaster za Kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza, zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, zilipiga picha za maeneo makubwa ya Afrika.

Wakati ndege zikipiga picha, wapima walipanda vilima na milima kujenga mtandao wa pembetatu, ili kila picha ifungwe kwenye vituo ambavyo mahali pake pamejulikana kwa hesabu. Upimaji wa 1952 uliipa Kibo kimo cha futi 19,340, yaani mita 5,895, nambari inayofundishwa hadi leo katika shule za Tanzania ingawa vipimo vya baadaye vimepunguza mita chache. Wapima walijaza pia majina ya mahali kwa kuuliza wenyeji na maofisa wa wilaya. Picha na orodha hizo zilipelekwa Uingereza, ambako wachoraji walitazama picha mbili mbili kwa miwani maalumu, wakaona ardhi ikiinuka mbele yao, wakafuatisha kontua kwa kalamu.

Kwa njia hii mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kinamasi cha Jipe ndiye aliyeamua ukingo wa ziwa upite wapi. Jambo hili halimpunguzii ustadi wake. Usahihi wa kazi hiyo katika miteremko ya Kilimanjaro ni wa kustaajabisha: mabonde yote yanayoshuka kutoka msituni yanaonekana, kila moja na kijito chake. Ugumu ulikuwa katika maji ya uwandani. Kamera ya ndege huhitaji anga isiyo na mawingu, na kwa hiyo kazi nyingi ilifanywa nyakati za ukavu. Ukingo wa ziwa uliochorwa ni ukingo wa siku ya picha. Pale matete yalipofunika maji, kamera iliona majani.

5.0 Karatasi Inayosema na Isiyosema

Karatasi ya 1:50,000 huifanya kilomita moja ya ardhi kuwa sentimita mbili. Soko lenye upana wa mita mia moja huwa milimita mbili, yaani nukta. Mstari wa mpaka uliochapwa kwa unene wa nusu milimita hufunika mita ishirini na tano za ardhi, upana unaotosha kuimeza nyumba pamoja na zizi lake. Hesabu hii rahisi husahauliwa kila mara ramani inapoletwa mezani kuamua nani yuko wapi.

Kwa upande wa ziwa hesabu ni kali zaidi. Jipe ni ziwa la kina kifupi, cha mita chache tu, lililolala kati ya milima ya Upare Kaskazini na uwanda wa Tsavo. Ikiwa ufuko una mwinuko wa mita moja kwa kila mita mia mbili, maji yakipanda mita moja ukingo husogea mita mia mbili, sawa na milimita nne katika karatasi. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziliyapandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lenyewe lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Ziwa lenye ufuko mpana kama Jipe halibaki na umbo lile lile katika mabadiliko ya namna hiyo. Aidha, Mto Lumi hushusha tope kutoka mashamba ya mlimani, na tope hilo hujenga ardhi mpya mlangoni mwake na kuyapa matete mahali pa kuota. Rangi ya buluu katika karatasi haisemi lolote kuhusu hayo. Inasema tu kwamba hapa ni maji na pale ni nchi kavu.

Ziwa Chala linatoa mfano ulio kinyume. Hili ni ziwa la kreta lenye kina kirefu na kingo za mwamba zilizosimama, lisilo na mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Ukingo wake hausogei kwa kiasi cha kuonekana katika ramani. Mpaka unapita katika ziwa hilo pia. Maji yake, hata hivyo, hupita chini ya ardhi na kutokea katika chemchemi za upande wa Taveta, safari ambayo ramani ya juu ya ardhi haiwezi kuichora. Hivyo Jipe inadanganywa na ramani kwa kuonyeshwa imesimama, na Chala kwa kuonyeshwa imejitenga.

Majina nayo yana historia yake. Wajerumani waliandika Kilimandscharo na Moschi. Waingereza wakayaandika kwa masikio yao. Kiboriloni yenyewe imeandikwa pia Kiborloni, na tofauti hiyo ya irabu moja inaonyesha jinsi jina linalotamkwa sokoni linavyopunguzwa kila linapopita mezani kwa karani. Jina likishachapwa katika ramani huhamia katika kibao cha barabara, rejista ya shule na hati ya kiwanja, na tahajia ya mpita njia huwa tahajia ya serikali.

Kisicho katika karatasi ni kalenda ya matumizi. Mwanamke anayeshuka kutoka kihambani kukata majani ya ng'ombe hatumii uwanda kwa namna moja mwaka mzima. Mchungaji husogea kufuata maji yanaporudi nyuma, na mvuvi huhamisha mtumbwi wake pale mlango wa matete unapojifunga. Matumizi hayo yalikuwa na taratibu na makubaliano yake, lakini hayakuwa na ukuta wala bikoni, na kwa hiyo kamera haikuyaona. Uwanda kati ya Himo na Lumi unaonekana katika ramani kama ardhi yenye nafasi kubwa na maandishi machache. Wazo kwamba palikuwa patupu lilizaliwa, kwa sehemu, na weupe wa karatasi.

6.0 Mstari Unapopata Uzito, 1961–1983

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Julai 1964, wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Cairo waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolisimamia wazo hilo kwa nguvu. Sababu ilikuwa ya wazi: kuifungua mipaka mmoja baada ya mwingine kungefungua vita. Lakini azimio lilikuwa na matokeo ambayo hayakujadiliwa sana. Kurithi mpaka kulikuwa pia kurithi ramani zake. Karatasi zilizochorwa bila kufikiria mgogoro zikawa picha ya mpaka ambayo serikali mpya zilikuwa nayo mkononi.

Kwa muda mabadiliko hayakuhisiwa. Huduma za pamoja ziliendelea, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa 1967. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa chini ya makutano ya Ruvu na Kikuletwa, na uwanda uliokuwa na malisho ukawa ziwa la kutengenezwa ambalo picha za miaka ya 1940 na 1950 hazingeweza kulijua. Ramani ilikuwa imeanza kuzeeka kabla wino wake haujasahaulika.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ulibaki umefungwa hadi 1983. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya watu wengi wa Kilimanjaro, mstari ule wa karatasi ukawa na askari. Barabara ya kutoka Kiboriloni kwenda mashariki haikukatika ardhini; ilikatika kisheria. Kilichokuwa biashara kikaitwa magendo, na mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, neno hilo lilibeba hatari ya kifungo. Familia zilizokuwa na ndugu Taveta, Rombo na Loitokitok ziligundua kwamba undugu wao sasa ulikuwa wa kimataifa.

Hapa ndipo pengo kati ya ramani na ardhi lilipopata gharama. Katika nchi kavu mtu anaweza kuonyeshwa bikoni. Ndani ya Jipe hakuna bikoni. Mvuvi anayetupa wavu kati ya matete hana namna ya kujua kama yuko juu ya mstari uliochorwa Uingereza kutokana na picha ya ziwa ambalo umbo lake limebadilika. Lawama ya kuvuka inamwangukia yeye, ilhali mstari ndio uliochorwa mahali ambapo maji hayakukubali kukaa.

7.0 Ramani kama Ushahidi

Suala hili si la Jipe peke yake. Katika Ziwa Nyasa, mkataba ule ule wa 1890 uliuweka mpaka ufukoni mwa ziwa, na Malawi imeshikilia maneno hayo. Tanzania imeshikilia mstari wa kati tangu Nyerere alipoufungua mjadala huo 1967, ikitaja pia ramani za kipindi cha Waingereza ambazo hazikuwa na msimamo mmoja. Katika Mto Chobe, kati ya Botswana na Namibia, mkataba huo huo ulizua kesi ya kisiwa cha Kasikili, ambacho Wabotswana hukiita Sedudu, iliyoamuliwa 1999 kwa kuipa Botswana. Mikataba ya Berlin na London iliyatumia maji kama mipaka kwa kuwa yalionekana kwa urahisi katika ramani za wakati huo. Waliorithi mikataba ndio waliojifunza jinsi maji yanavyohama.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri la Burkina Faso na Mali la 1986, ilieleza kwamba ramani kwa yenyewe haiwi hati ya umiliki wa ardhi, isipokuwa pale inapokuwa sehemu ya tamko rasmi la nchi husika. Vinginevyo ni ushahidi wa ziada wa kupimwa pamoja na mwingine. Hata hivyo, katika shauri la hekalu la Preah Vihear la 1962, mahakama hiyo hiyo iliipa uzito ramani ambayo Siam ilikuwa imeipokea kwa miaka mingi bila kuipinga. Mafunzo ya mashauri haya mawili yanakamilishana. Ramani haina mamlaka yenyewe, lakini ukimya wa wanaoitumia unaweza kuipa mamlaka hayo.

Watengenezaji wa ramani za Kiingereza walilijua jambo hili. Karatasi nyingi za aina hiyo zilichapwa onyo pembeni kwamba ramani si mamlaka kuhusu mipaka ya kimataifa. Onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo, na ni rahisi kulikata pale sehemu ya karatasi inaponakiliwa kwa ajili ya darasa, ofisi au mkutano. Mstari hunakiliwa, onyo hubaki nyuma.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mpaka wa Jipe na Lumi ulipita hatua tatu. Kwanza ulikuwa maneno yaliyotokana na madai mawili, moja la Taveta na jingine la Old Moshi. Kisha, chini ya dola moja, ukawa mstari uliochorwa kwa ustadi mkubwa na bila mabishano. Mwishowe ukawa ukingo wa mataifa mawili, ukisomwa katika karatasi ambazo watengenezaji wake walikataa kuzithibitisha kama mamlaka ya mpaka. Uzito wa mstari uliongezeka wakati usahihi wake majini ulipokuwa unapungua.

Hili halina maana kwamba mpaka ufunguliwe upya. Azimio la Cairo limeipa sehemu hii ya Afrika Mashariki amani ambayo haifai kuchezewa, na kazi ya kuimarisha bikoni kati ya Kenya na Tanzania ni ya lazima. Maana yake ni kwamba kazi ya mstari na kazi ya maji zitenganishwe. Mstari unaweza kubaki ulipo kwa hesabu za nyuzi. Ziwa, mto na chemchemi vinahitaji utaratibu wa pamoja unaofuata msimu, unaomtambua mvuvi na mchungaji kama watumiaji wa mfumo mmoja, na unaowasikiliza wale ambao ujuzi wao wa ukingo wa Jipe haukuingia katika karatasi yoyote. Makubaliano ambayo nchi hizi mbili zimeingia katika karne hii kuhusu hifadhi ya Chala na Jipe ni hatua katika njia hiyo.

Kwa upande wa taaluma, ramani za katikati ya karne ya ishirini zinastahili kusomwa kama nyaraka za historia, kwa maswali yale yale yanayoulizwa kwa barua ya bwana shauri: nani ameandika, lini, kwa ajili ya nani, na amenyamazia nini. Anayesimama Kiboriloni akitazama mashariki haoni mstari. Anaona barabara na magari ya mizigo yakielekea Himo. Barabara hiyo na mstari ule vyote ni sehemu ya historia ya mahali hapo, na ramani imekuwa ikionyesha kimoja kwa nguvu kuliko kingine.